Zabuni Ilikwisha, Kesi Ikabaki

Serikali ya Shirikisho ya Marekani ni mteja ambaye kila mfanyabiashara nchini humo angependa kumpata, kwa kuwa katika mwaka wa fedha wa 2023 peke yake ilitumia zaidi ya dola bilioni 700 kununua bidhaa na huduma kutoka sekta binafsi, kuanzia manowari hadi karatasi za ofisini. Mteja wa ukubwa huo anapokosea katika kumchagua muuzaji, swali linalozuka ni nani atakayemhoji, maana aliyeshinda zabuni hana sababu ya kulalamika, mlipa kodi hajui kilichopita mezani wakati wa tathmini, na wabunge aghalabu hupata taarifa baada ya fedha kutumika. Anayebaki ni mzabuni aliyeshindwa, ambaye anaifahamu kazi yenyewe, anazijua bei za sokoni, na ana uchungu wa kutosha wa kumfanya afuatilie jambo ambalo wengine wangelipuuza.

Kesi inayoonyesha vizuri zaidi nguvu za mzabuni wa namna hiyo, na mipaka ya nguvu hizo, ni ile ya Kingdomware Technologies, kampuni ndogo ya teknolojia ya habari ya jimbo la Maryland, inayomilikiwa na mwanajeshi wa zamani aliyepata ulemavu akiwa kazini. Kampuni hiyo ilipinga namna Idara ya Masuala ya Maveterani, ambayo ndiyo wizara inayowahudumia waliowahi kulitumikia jeshi la Marekani, ilivyotoa kazi ya kutuma taarifa za dharura kwa wafanyakazi wa vituo vinne vya matibabu. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, ya mwaka mmoja tu pamoja na nafasi ya kuongezwa muda, na ilikwisha mwaka 2013. Lakini mgogoro uliotokana nayo ulipanda ngazi kwa ngazi hadi Mahakama ya Juu, ambako uliamuliwa tarehe 16 Juni 2016.

Haki ya kupinga uamuzi wa Serikali wa kumpa fulani zabuni na kumnyima mwingine haikuwapo siku zote. Mwaka 1940, katika shauri la Perkins dhidi ya Lukens Steel, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba sheria za ununuzi wa umma zilitungwa ili kuilinda Serikali yenyewe na si kuwapa wauzaji haki ya kuipeleka mahakamani, na kwa miaka 30 iliyofuata mzabuni aliyeonewa alikuwa na nafasi finyu mno ya kusikilizwa na jaji. Mlango ulifunguliwa mwaka 1970, pale Mahakama ya Rufaa ya jijini Washington ilipoisikiliza kampuni ya Scanwell Laboratories, iliyokuwa imekosa zabuni ya mitambo ya kuongoza ndege zinapotua, na kukubali kwamba mzabuni aliyeshindwa anaweza kushtaki kwa niaba ya umma, kwa kuwa ndiye mwenye sababu na ujuzi wa kuuanika uvunjaji wa sheria. Fikra hiyo ya 1970 ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwani inamgeuza mfanyabiashara anayetafuta riziki yake kuwa mlinzi wa fedha za watu wote, kazi ambayo hakuiomba na ambayo, kama itakavyoonekana, hailipwi.

Mahakama, hata hivyo, si mahali ambapo wengi huanzia. Malalamiko mengi ya zabuni za Serikali ya Shirikisho hupelekwa katika Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, inayojulikana kwa kifupi kama GAO, chombo kilichoundwa mwaka 1921 ili kulisaidia Bunge kufuatilia matumizi ya fedha, na ambacho kimekuwa kikipokea malalamiko ya wazabuni tangu miaka ya 1920. Mamlaka yake katika eneo hili yaliwekwa wazi na Sheria ya Ushindani katika Mikataba ya mwaka 1984, na ada ya kuwasilisha lalamiko kwa njia ya mtandao, iliyoanza kutozwa mwaka 2018, iliwekwa kuwa dola 350. Kiasi hicho ni kidogo kwa viwango vya Marekani. Gharama halisi iko kwa mawakili, na kwa sababu ambayo itaelezwa punde, kumkwepa wakili si jambo rahisi.

Mlalamikaji hupewa siku 10 tu kuanzia siku alipoijua, au alipopaswa kuijua, kasoro anayoilalamikia. Na kama kasoro inaonekana katika nyaraka za zabuni zenyewe, mathalani kigezo kilichoandikwa kwa namna inayompendelea mzabuni mmoja, lazima alalamike kabla ya muda wa kupokea zabuni kufungwa, kwani sheria haimruhusu mtu kunyamaza, kushindana, kushindwa, kisha ndipo akumbuke kwamba masharti yalikuwa mabaya. GAO nayo hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 100. Jambo lenye uzito kuliko yote ni kwamba lalamiko likiifikia taasisi husika mapema, yaani ndani ya siku 10 tangu mkataba utolewe, au ndani ya siku 5 tangu aliyeshindwa apewe maelezo ya matokeo ambayo sheria inaitaka taasisi impe, utekelezaji wa mkataba husimama hadi shauri liishe, isipokuwa mkuu wa kitengo kinachosimamia ununuzi huo athibitishe kwa maandishi kwamba kuna dharura au kwamba maslahi ya taifa yanadai kazi iendelee. Bila zuio hilo taasisi ingeweza kukimbizana na muda hadi kazi ikwishe, ingawa ni kweli pia kwamba wapo wenye mikataba ya zamani ambao hulalamika ili tu waendelee kulipwa kwa miezi mitatu zaidi wakati lalamiko lao linasikilizwa.

Sehemu ya utaratibu huu inayowashangaza wengi ni amri ya kulinda siri. Ili kuonyesha kwamba tathmini ilikosewa, mlalamikaji anahitaji kuona alama alizopewa mshindani, bei yake na maelezo ya kitaalamu aliyoyawasilisha, lakini hizo ni siri za biashara za mtu mwingine, ambazo zikimfikia mpinzani zitaharibu ushindani wa zabuni zote zijazo. Ufumbuzi uliopatikana ni kwamba GAO huwaruhusu mawakili wa kutoka nje ya kampuni, baada ya kuapa kutunza siri, kuzisoma nyaraka hizo bila kumwonyesha mteja wao hata ukurasa mmoja; hivyo mwenye kampuni hujikuta akimlipa mtu kwa saa ili asome makabrasha ambayo yeye mwenyewe haruhusiwi kuyaona, kisha amshauri kama aendelee au aache, bila kumweleza kwa undani sababu za ushauri huo. Anayekuja bila wakili hulalamika akiwa gizani, akijua tu kile alichoambiwa na taasisi iliyomnyima kazi.

Takwimu za GAO zenyewe zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Katika mwaka wa fedha wa 2022 ofisi hiyo ilipokea mashauri 1,658, na kati ya yale yaliyofikia hatua ya kuamuliwa kwa hoja zake, walalamikaji walishinda katika asilimia 13 tu, kiwango kinachoweza kumkatisha tamaa yeyote. Lakini katika asilimia 51 ya mashauri mlalamikaji alipata nafuu fulani, kwa kuwa taasisi nyingi, baada ya wanasheria wao kulisoma lalamiko na kuona kwamba kweli kuna kasoro, huamua kurekebisha wenyewe kabla ya uamuzi kutolewa: hurudia tathmini, huwaita wazabuni upya, au hufuta zabuni na kuitangaza tena. Nafuu hiyo haina maana kwamba aliyelalamika ndiye atakayepewa kazi, kwani tathmini ikirudiwa mshindi anaweza kuwa yuleyule wa mwanzo, safari hii akiwa na makabrasha yaliyopangwa vizuri zaidi.

Upo pia udhaifu wa kikatiba. Kwa kuwa GAO ni chombo cha Bunge na si cha Serikali wala cha Mahakama, haiwezi kuiamuru wizara ifanye jambo. Inachotoa ni mapendekezo, ambayo kwa desturi wizara huyafuata, na ikitokea wizara imekataa, GAO hulitaarifu Bunge. Msomaji wa Kenya ataona tofauti mara moja, kwa sababu Bodi ya Rufaa ya Ununuzi wa Umma nchini humo, ambayo chini ya sheria ya mwaka 2015 hupokea malalamiko ndani ya siku 14 na hutakiwa kuamua ndani ya siku 21, hutoa uamuzi unaozifunga pande zote mpaka utenguliwe na Mahakama Kuu. Na Tanzania nayo inayo Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, PPAA, kwa ajili ya kazi hiyohiyo. Katika Marekani, heshima ya desturi ndiyo iliyoyabeba mapendekezo ya GAO kwa miongo mingi, na ni Kingdomware iliyokutana na wizara iliyoamua kuivunja desturi hiyo.

Ili kuielewa wizara hiyo ni lazima kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1999 Bunge la Marekani liliweka lengo kwamba angalau asilimia 3 ya thamani ya mikataba ya Serikali ya Shirikisho iende kwa biashara ndogo za wanajeshi wa zamani waliopata ulemavu katika utumishi, lakini lengo lisilo na wa kulitekeleza hubaki kwenye karatasi, na mwaka baada ya mwaka halikufikiwa. Wakati wanajeshi waliojeruhiwa Iraq na Afghanistan walipokuwa wakirejea nyumbani kwa wingi, Bunge lilipitisha sheria nyingine, iliyotiwa saini tarehe 22 Desemba 2006, iliyoilenga moja kwa moja Idara ya Masuala ya Maveterani, kwa hoja iliyo wazi kwamba wizara iliyoundwa kwa ajili ya watu hao haina udhuru wa kuwapita na kununua kwa wengine. Watanzania na Wakenya wanaifahamu fikra ya jumla iliyomo humo, kwa kuwa nchi zote mbili zimetenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu kama vile vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tofauti ni kwamba sheria ya Marekani ya 2006 haikuishia kwenye asilimia, bali iliweka utaratibu ambao afisa ununuzi anapaswa kuufuata kila anapotaka kutoa mkataba.

Utaratibu huo hujulikana kama Kanuni ya Wawili. Afisa ununuzi, kabla ya kulifungua soko kwa kila mtu, anatakiwa kujiuliza kama kuna sababu ya msingi ya kutarajia kwamba kampuni ndogo mbili au zaidi zinazomilikiwa na kuendeshwa na maveterani zitawasilisha zabuni, na kwamba kazi itapatikana kwa bei ya haki na yenye manufaa kwa taifa. Akiona kwamba jibu ni ndiyo, ushindani hufungwa na kubaki baina ya kampuni hizo peke yake. Ili kuwazuia wajanja wanaoweka jina la veterani mbele ilhali mwenye mali ni mwingine, wizara ilitakiwa kuhakiki kwamba veterani anamiliki angalau asilimia 51 na kwamba ndiye anayeshika usukani wa biashara. Vifungu viwili vya sheria hiyohiyo vinampa afisa ruhusa, bila kumlazimisha, ya kumpa veterani mmoja kazi pasipo ushindani pale thamani inapokuwa ndani ya viwango vilivyowekwa. Kifungu cha Kanuni ya Wawili kimeandikwa kwa lugha ya amri. Tofauti hiyo ya ruhusa na amri, iliyokaa katika aya zinazofuatana, ndiyo ambayo mawakili wangekuja kuipigania kwa miaka minne.

Wizara ilipata njia ya kuipita kanuni hiyo. Serikali ya Marekani huwa na orodha za wauzaji waliokwisha kujadiliana nayo bei na masharti mapema, kwa jina la Orodha ya Ugavi ya Shirikisho, ambamo afisa huchagua muuzaji na kutuma agizo pasipo kutangaza zabuni mpya; mfumo huo unafanana kwa kiasi kikubwa na mikataba maalumu ambayo Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini wa Tanzania, GPSA, huingia na wazabuni ili taasisi za umma ziagize bidhaa za kawaida bila kuanza upya kila mara. Mwaka 2009, ilipokuwa ikichapisha kanuni za kuitekeleza sheria ya 2006, wizara ilieleza msimamo kwamba Kanuni ya Wawili haigusi maagizo yanayotolewa kupitia orodha hiyo. Ukilipima jambo hili kwa jicho la afisa mwenye kazi nyingi, lilikuwa nafuu kubwa, kwani agizo la orodha huchukua muda mfupi. Ukilipima kwa jicho la Bunge lililotunga sheria, lilikuwa sawa na kufunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi, maana mahitaji mengi ya wizara yangeweza kupitishwa katika orodha hiyo.

Wa kwanza kupata ushindi dhidi ya msimamo huo hawakuwa Kingdomware, bali kampuni nyingine ndogo ya veterani iitwayo Aldevra, iliyokuwa ikiuza vifaa vya jikoni vya hospitali na ambayo mwaka 2011 iliilalamikia wizara kwa GAO kuhusu ununuzi wa vyombo vya kupikia. GAO ilikubaliana nayo kwamba sheria inatangulia na orodha inafuata. Wizara ilijibu kwamba haitafuata pendekezo hilo, jambo ambalo si la kawaida, na ikaendelea kununua kama ilivyozoea.

Ndipo, mnamo Januari 2012, ilipohitaji huduma ya taarifa za dharura kwa vituo vyake vinne vya matibabu, yaani mfumo ambao tatizo likitokea huwafikishia wafanyakazi ujumbe muhimu kwa pamoja. Afisa wa wizara aliiomba bei kampuni moja iliyokuwa katika Orodha ya Ugavi, ambayo haikumilikiwa na veterani. Kampuni ikatoa bei nzuri, na wizara ikaikubali mnamo tarehe 22 Februari 2012 au karibu na hapo. Hakuna aliyeuliza kama kulikuwa na maveterani wawili wenye uwezo wa kazi hiyo. Kingdomware, ambayo ilikuwa na uwezo huo na imehakikiwa na wizara yenyewe, ililalamika kwa GAO, na Mei 2012 ikashinda kama Aldevra ilivyoshinda. Wizara ikakataa pendekezo kama ilivyokataa lile la kwanza.

Kampuni ikaenda katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho, ambayo ndiyo mahakama ya ngazi ya kwanza kwa migogoro ya zabuni za Serikali, na Novemba 2012 ikashindwa, kwa maelezo kwamba sheria haikuwa wazi na kwa hiyo tafsiri ya wizara ilistahili kuheshimiwa. Mwezi uliofuata GAO ilitangaza kwamba, kwa kuwa wizara haifuati mapendekezo yake na mahakama imeiunga mkono wizara, haitasikiliza tena malalamiko yanayojengwa juu ya hoja hiyo peke yake. Ni vigumu kuilaumu ofisi isiyo na meno kwa kuacha kuuma, lakini kwa mzabuni mdogo maana yake ilikuwa kwamba njia ya bei nafuu imefungwa na iliyosalia ni ile ya mahakama. Juni 2014 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho nayo iliipa ushindi wizara, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, ikisema kwamba kwa kuwa kifungu kinaanza kwa kutaja madhumuni ya kufikia malengo ya kila mwaka, wizara ikishayafikia malengo yake haifungwi tena na Kanuni ya Wawili. Jaji Jimmie Reyna ndiye aliyetofautiana na wenzake, akiona kwamba amri ya sheria haikuwekewa sharti hilo.

Mahakama ya Juu ilikubali kulisikiliza shauri mwaka 2015, na kabla hata ya hoja za msingi likazuka swali lililokuwa linaweza kulizima kabisa. Mkataba uliokuwa ukigombaniwa ulikuwa umekwisha kutekelezwa tangu Mei 2013, na mahakama za Marekani, kwa mujibu wa Katiba, haziamui mambo yasiyo na mgogoro hai. Je, kulikuwa na kitu gani cha kuamua? Jibu liliegemea kanuni ya zamani inayoruhusu kusikilizwa kwa jambo ambalo kwa asili yake hukwisha kabla mahakama haijalifikia na ambalo lina kila dalili ya kumrudia mlalamikaji yuleyule. Mikataba ya aina hii hudumu chini ya miaka miwili, muda ambao hautoshi kuzimaliza ngazi zote za rufaa, na Kingdomware ilikuwa bado inaomba kazi kwa wizara ileile iliyokuwa bado inashikilia msimamo uleule. Kama mahakama ingeamua vinginevyo, wizara yoyote ingekuwa huru kuvunja sheria mradi tu mikataba yake iwe mifupi.

Hoja zilisikilizwa tarehe 22 Februari 2016, takriban miaka minne kamili tangu agizo lenyewe likubaliwe, na ilikuwa siku ya kwanza ya mahakama hiyo kuketi kusikiliza mashauri baada ya kifo cha Jaji Antonin Scalia. Mawakili wa Serikali walikuja na hoja mpya ambayo hawakuitoa katika mahakama za chini: kwamba agizo linalotolewa kupitia Orodha ya Ugavi si mkataba kabisa, bali ni utekelezaji tu wa mkataba mkubwa uliokwisha kufungwa, na kwa hiyo sheria inayozungumzia kutoa mikataba hailigusi. Waliongeza kwamba kuitumia Kanuni ya Wawili kwa kila agizo kutawazamisha maafisa katika makaratasi hata wanaponunua vifaa vya kawaida vya jikoni. 

Uamuzi ulioandikwa na Jaji Clarence Thomas, na kuungwa mkono na majaji wote 8 waliokuwapo, ulizikataa hoja hizo moja baada ya nyingine. Malengo yaliyotajwa mwanzoni mwa kifungu yanaeleza kwa nini sheria ilitungwa, na hayawezi kuipunguza amri inayofuata, hasa pale ambapo vifungu vya jirani vinaonyesha kwamba Bunge lilijua vizuri namna ya kutoa ruhusa lilipotaka kutoa ruhusa. Agizo nalo ni mkataba, kwa kuwa likishakubaliwa muuzaji analazimika kutoa huduma na Serikali inalazimika kulipa. Kuhusu vifaa vya jikoni, mahakama ilikumbusha kwamba Orodha ya Ugavi siku hizi hutumika pia kununua huduma tata za teknolojia kwa miaka kadhaa, na kwamba afisa mwenye haraka bado ana ruhusa ya kumpa veterani mmoja kazi ndogo bila ushindani, au kuwatafuta maveterani ndani ya orodha hiyohiyo. Tafsiri ya wizara haikupewa uzito wowote wa pekee, kwa sababu sheria iliyo wazi haihitaji mfasiri.

Julai 2016 wizara ilitoa maelekezo mapya yaliyowataka maafisa wake kuanza na utafiti wa soko la maveterani karibu katika kila ununuzi. Kingdomware yenyewe haikupata kazi ya vituo vile vinne, kwa sababu hakuna hukumu inayoweza kuirudisha huduma ambayo mwingine alikwisha kuitoa na kulipwa, na sheria inayoiongoza Mahakama ya Madai ya Shirikisho hairuhusu mzabuni aliyeonewa alipwe faida aliyoikosa. Fedha inazoweza kuamuru zinaishia kwenye gharama za kuandaa zabuni. Hapa ndipo wazo la mwaka 1970 linapoonyesha upande wake mgumu, kwani mlalamikaji anatarajiwa kufanya kazi ya umma kwa fedha zake, na matunda huchumwa na washindani wake, yaani maveterani wengine wote waliokaa pembeni kesi ikiendelea.

Na si wote waliovuna furaha. Tangu mwaka 1938 Marekani imekuwa na sheria nyingine ya upendeleo, inayozitaka taasisi za Serikali kununua bidhaa fulani kutoka mashirika yasiyo ya faida yanayoajiri wasioona, na ambayo mwaka 1971 ilipanuliwa ili kuwahusisha watu wenye ulemavu mwingine mzito. Mpango huo leo unaitwa AbilityOne. Mwaka 2018, katika shauri lililofunguliwa na kampuni ndogo ya veterani iitwayo PDS Consultants, Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho iliamua kwamba katika Idara ya Masuala ya Maveterani, Kanuni ya Wawili inatangulia hata orodha ya AbilityOne, kwa sababu sheria ya 2006 ni mpya zaidi na inaihusu wizara hiyo mahususi. Kilichogombaniwa kilikuwa kazi ya miwani kwa ajili ya maveterani, na aliyepoteza alikuwa shirika la Winston-Salem huko North Carolina ambalo wengi wa wafanyakazi wake hawaoni. Kisheria uamuzi huo ulifuata mantiki ya Kingdomware bila kupinda, lakini uliwaweka waliojeruhiwa vitani na wasioona wakigombania mkate mmoja, jambo ambalo hakuna ushahidi kwamba Bunge lililifikiria lilipoziandika sheria hizo mbili, moja miaka 68 baada ya nyingine.

Bunge liliingilia kati Agosti 2020 kwa sheria fupi ya kupatanisha. Bidhaa na huduma ambazo tayari zilikuwa katika orodha ya AbilityOne kufikia tarehe 22 Desemba 2006, siku ambayo sheria ya maveterani ilitiwa saini, ziliwekewa kinga ili mashirika yaliyokuwa yakizitoa yasinyang'anywe, kwa masharti yaliyotajwa humo. Zilizoongezwa baada ya siku hiyo zilibaki chini ya Kanuni ya Wawili. Kwa afisa ununuzi wa hospitali ya wizara hiyo, maana yake ni kwamba kabla ya kuagiza bidhaa mbili zinazokaa rafu moja, anaweza kulazimika kwanza kuchunguza kila moja iliingia lini katika orodha, kwa kuwa tarehe hiyo ndiyo itakayoamua kama ataanza na shirika la wasioona au na maveterani wawili.